Nilivyompeleka mama na paka wake mwoga hadi Canada

Wakuu, mulembe. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika, lakini hii siwezi kukaa nayo. Niliyaona kwa macho yangu, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu anaishi Shirere. Mwaka jana dada yangu aliye Canada alijifungua mapacha, akaomba mama aende akae naye. Mama alikubali kwa sharti moja: Kadogo aende pia.

Kadogo ni paka. Jiko letu liliwahi kuungua, mama akaingia kwenye moshi akamtoa. Tangu siku hiyo akisikia hata sufuria ikianguka, anajificha nyuma ya kabati hadi kesho yake.

Nilijaribu kumshawishi mama amwache kwangu Bukura, ninakofundisha. Alikataa katakata.

Basi tukaanza maandalizi. Chanjo ya kichaa cha mbwa, vibali, begi la kumbebea. Daktari wa mifugo alikataa kumpa dawa ya usingizi, akasema inaweza kumdhuru huko juu. Alishauri begi likae wazi sebuleni, paka azoee kulala ndani. Wiki ya kwanza hakulikaribia. Mama akaweka leso yake kuukuu ndani, paka akaingia mwenyewe.

Airport Nairobi, watu wa security wakasema paka atolewe, begi lipite peke yake kwenye mashine. Hapo niliona safari imeisha. Kelele kila upande, na akichomoka hapo tunampata wapi?

Niliomba watupeleke kachumba ka pembeni, wakakubali. Mama akamfunga kamba ya kifuani, akamkumbatia. Paka alizika uso shingoni mwake, makucha yameshika sweta, wala hakuruka.

Kwenye ndege nilikaa dirishani, mama katikati. Upande wa pili alikaa jamaa mmoja mnene wa suti. Alipoona begi chini ya kiti akaita mhudumu, akalalamika kwamba hakulipa nauli kukaa na mnyama. Ndege ilikuwa imejaa, hakuna pa kumhamishia. Mama alimwomba radhi.

Tukiwa juu ya jangwa, mchana jua kali, ndege ikaanza kurushwa. Si mchezo wakuu. Vikombe vilimwagika, watu wakaanza kuomba kwa sauti. Kadogo alilia mlio ambao sijawahi kuusikia.

Mama aliinama, mkanda ukiwa bado umefungwa, akafungua zipu kidogo na kuingiza mkono. Akawa anamwambia mulembe, mulembe, yaani amani, polepole.

Kisha akamtazama yule jamaa. Alikuwa ameshika kiti kwa nguvu, jasho linamtiririka. Mama akachukua mkono wake, akauingiza ndani ya begi.

"Mshike hapa mgongoni," alimwambia. "Usimfinye, hapendangi."

Jamaa hakuutoa. Mikono miwili, ule wa mama na wa mtu aliyetukataa, juu ya mgongo wa paka mmoja. Mlio ukapungua, ukakoma. Tulirushwa bado muda mrefu, lakini hakuna aliyetoa mkono.

Ndege ilipotulia, jamaa alimwuliza mama amesafiri mara ngapi hadi asiogope.

"Naogopa, mwanangu," mama akasema. "Sijawahi kupanda hii kitu."

Mimi mtoto wake nilikuwa sijajua kwamba anaogopa. Nilidhani ametulia.

Ndege ya pili ilipita juu ya bahari yenye barafu, nyeupe hadi mwisho wa macho. Mama alinyanyua begi hadi dirishani. Kadogo akatoa kichwa, masikio yamesimama, akatazama chini kwa muda mrefu bila kujificha. Mama naye akatazama. Sikupiga hata picha, nilisahau nina simu.

Funzo langu: anayesafiri na paka mwoga amzoeshe begi mapema, na akifika security aombe chumba. Na kama mzazi wako mkongwe ana kitu cha kutunza, usikimbilie kumwondolea mzigo.

Mliowahi kusafiri na mnyama, au na mzazi mara yake ya kwanza, nielezeni ilikuwaje. Mimi bado nashangaa tu.