Mbio za Mkaza Mwana

Nilijifunza kukimbia kwa kumkimbia baba mkwe wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaoniita siku hizi nizungumze mbele ya wasichana wao hupenda nianze na kipaji, na nidhamu, na ndoto. Sikuwa na ndoto yoyote. Nilikuwa na mzee mmoja mrefu mwenye koti jeusi, aliyependa kutembea asubuhi, na kila alipotokea njiani ilinipasa kutoweka.

Sisi Wanyakyusa tulilishika jambo hili bila mzaha. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hataji jina lake, hakai alipokaa, na wakikutana njiani yeye mwanamke ndiye anayetoka: anaingia migombani, anachutama, anajifunika kichwa mpaka mzee apite. Ukikosea, umemtukana yeye na wazee wake wote waliolala kaburini, na siku ng'ombe akifa au mimba ikiharibika, kosa lako hilo ndilo litakalotajwa kikaoni. Nyumba yetu kule milimani Rungwe ilikuwa kando ya njia ya chemchemi, na mzee alipita njia hiyo kila siku kama mwenye barabara. Nilitimua mbio na mtungi, nilitimua mbio na jembe. Mama yangu mzazi alikaa ng'ambo ya bonde, na njia fupi ya kwenda kwake ilikatiza ua wa mzee. Kwa hiyo ili nimwone mama nilizunguka mlima mzima, na kwa kuwa nilitakiwa kurudi kabla ya kupika, nilizunguka nikikimbia.

Hiyo ndiyo shule yangu ya riadha. Hakuna aliyenipa kikombe.

Baadaye, miaka ya hamsini ilipokuwa imefika katikati, mume wangu alipata kazi Mbeya, akanichukua. Nilidhani nimepona. Hatukumaliza mwaka, akasikia habari za dhahabu ya Makongolosi, akaondoka, akaniacha katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na mdogo wake. Huyu shemeji alikuwa karani mdogo wa ofisi moja ya serikali, kijana wa kunyoosha suruali kwa pasi ya mkaa hata siku ya kwenda kununua chumvi. Alikuwa anataka kuoa, na vyumba alivitaka vyote viwili. Siku moja akaja na barua ya mume wangu. Akanisomea mwenyewe, kwa kuwa mimi kusoma nilikuwa nakokoteza. Mume wangu alikuwa amepata mke mwingine huko machimboni, na mimi nirudishwe Rungwe nikalime, mvua zisinikute mjini.

"Umesikia?" akaniuliza. "Nyumbani iko kazi nyingi. Hapa unakula bure tu."

Nilimchukia kwa utulivu, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kufanya hivyo, maana bado ilikuwa kiangazi.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Mbeya lakini babu yake alitoka pwani. Yeye alipika vitumbua, mumewe alikuwa fundi cherehani, na mwaka huo alikuwa akishona sare za shule moja ya wasichana kule Iringa. Kupitia sare hizo mama huyu alijua mambo ya shule kuliko walimu wake. Alijua kwamba mkuu wa shule, mama wa Kizungu, alikuwa akitafuta mwanamke wa kulala bweni na kuwachezesha wasichana michezo. Alijua pia kwamba Mzungu huyo angekuja Mbeya siku ya michezo ya mkoa, atazame mbio za akina mama, na amchukue atakayeshika nafasi ya kwanza.

"Mwanangu," akaniambia huku akigeuza vitumbua, "kila siku nakuona ukienda sokoni mbio na kurudi mbio. Mbio hizo huna pa kuzipeleka?"

"Shemeji atakataa, mama."

"Umemuomba?"

"Sijamuomba."

"Basi hajakataa."

Nikaanza kupanda kilima cha Loleza alfajiri. Wanawake wa Kisafwa walioshuka na kuni walikuwa wakisimama kando na kuniuliza nani ananifukuza. Nikawaambia ni shemeji, wakacheka, nami nikaendelea kupanda. Mambo yalikuwa wazi kichwani mwangu: nikiwa wa kwanza, ni Iringa. Nikishindwa, ni Rungwe, migomba, na koti jeusi mpaka mmoja wetu afe.

Shemeji alijua, bila shaka. Mji ulikuwa mdogo. Lakini hakunikataza, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Alinitazama tu nikirudi na jasho, akasema, "Kimbia, shemeji, kimbia. Tutaona."

Siku ya michezo, mbio za akina mama ziliwekwa kati ya mbio za magunia na kupanda mlingoti uliopakwa mafuta. Hapo utaelewa tulivyothaminiwa. Tuliletwa ili mabwana chini ya turubai wacheke kidogo kabla ya chai. Mzungu wa Iringa hakucheka, namsifu kwa hilo, lakini alipita mbele yetu akitazama miguu kama mnunuzi mnadani, na nilitamani kumuuliza kama anataka kuona na meno. Tulikuwa tisa, wote pekupeku, kanga zimefungwa kiunoni. Tulitakiwa kuanzia sokoni, tushuke Uhindini, tumalizie uwanjani penye kamba.

Filimbi ikalia. Nisijivune, lakini tulipofika Uhindini sikusikia pumzi ya mtu nyuma yangu. Wahindi walisimama milangoni mwa maduka, watoto wakapiga kelele. Niliingia barabara ya uwanjani nikiwa peke yangu. Niliiona kamba. Zimebaki kama hatua mia hivi, nikaliona koti jeusi.

Shemeji alikuwa amemleta baba yake kutoka Rungwe kwa basi, akamtafutia kiti, akamketisha pembeni kabisa mwa kamba, uso ukielekea barabarani. Mzee aliambiwa amekuja kutazama bendi ya polisi. Hakuna aliyemwambia nani anakimbia.

Sikuamua lolote. Miguu ilitoka barabarani yenyewe. Nilijikuta ndani ya mtaro, nimechutama, kanga nimeivuta kichwani, na mbele ya mji mzima nilikuwa nimekaa kama kuku anayetaga. Watu wakacheka sana. Waliojua mila zetu hawakucheka, lakini hao walikuwa wachache. Nikasikia nyayo zikipita juu ya kichwa changu. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Nikachungulia, nikamwona shemeji. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, mikono mfukoni, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake mapema. Ningemwona anacheka labda ningebaki mtaroni. Ule utulivu ndio ulionitia wazimu.

Nikaivua kanga kichwani, nikaifunga tena kiunoni, nikarudi barabarani. Nikakimbia kichwa juu, na sikutazama kamba. Nilimtazama baba mkwe wangu usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa mzee wa kawaida, macho yana ukungu, ndevu chache. Akanitambua. Na mzee yule, katikati ya viti vya serikali, akalivuta koti lake jeusi akajifunika kichwa, akainama mpaka magotini. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa ananiogopa.

Wanasema nilishinda. Sikushinda. Niliwapita wawili, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mke wa askari polisi wa Igawa, na mumewe alikataa papo hapo, akasema hakumwoa ili akalale bweni na watoto wa watu. Hivyo Mzungu akaniita mimi. Akauliza kwa nini niliingia mtaroni. Nilimweleza yote, kirefu, mbele ya karani mkalimani, kijana rafiki wa shemeji. Aliyatafsiri kwa maneno mawili matatu, na yule mama akanipiga bega kwa huruma. Nilikuja kujua Iringa kwamba yule karani alimwambia nilianguka. Ndiyo hadithi inayosimuliwa mpaka leo, kwamba nilianguka nikainuka, msichana usikate tamaa. Hakuna anayetaka kusikia kwamba niliangushwa, na aliyeniangusha nilikuwa nampikia ugali.

Sikurudi kwenye vile vyumba. Jirani yangu aliniletea kifurushi changu kwenye basi, na vitumbua vimefungwa kwenye jani la mgomba. Aliniletea na ujumbe. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa huyo jirani, asionwe na mtu, akamtuma: mwambie asirudi, asikanyage upande wa bonde letu.

"Na mama yangu?" nikamuuliza.

"Hakusema habari za mama yako, mwanangu. Kasema bonde lote."

Iringa sikupokewa kwa maua. Wahehe waliona mgeni, Wabena waliona mwanamke aliyekimbia mume, na walei wa kanisa, Walutheri na Wakatoliki, kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo, kwamba sifai. Baba mmoja alitoka Igowole kwa baiskeli kuja kumtoa binti yake, akisema mbio zinaharibu kizazi. Nilimwambia kulima kwa mgongo uliopinda tangu alfajiri kunaharibu zaidi, nikamuuliza kwake nani analima. Aliondoka bila kuaga, na binti akabaki. Niliwakimbiza wasichana wale alasiri kila siku, mvua na baridi, na sikuwa mpole. Wawili waliwahi kuwashinda wavulana wa misheni, wakawa maarufu, na wadogo wakaanza kuja kwa hiari.

Barua ilinikuta uwanjani, mwaka wa tatu. Iliandikwa kwa niaba ya kaka yangu. Mama alikuwa amekufa, na walikuwa wamemzika wiki mbili nyuma. Walisema hawakuniita kwa kuwa walijua siruhusiwi bondeni, na kwamba mama aliugua muda mrefu akiniulizia, akitaka kitanda chake kielekee mlima ule niliozoea kuuzunguka.

Nikaikunja. Wasichana walikuwa wamemaliza, wanakusanya vitu vyao waende kuoga. Nikapuliza filimbi, nikawaamuru wazunguke tena. Wakanitazama, wakazunguka. Walipomaliza nikawaamuru tena, na tena, mpaka mmoja akatapika kwenye majani na mwingine akawa analia huku anakimbia. Nami nilikimbia nyuma yao, ili wasinione uso.

Leo hao ni watu wazima, wengine wana vyeo. Wakisimama kunishukuru huitaja siku hiyo kuliko zote. Wanasema ndipo nilipowafundisha kwamba mtu ana nguvu kuliko anavyodhani. Huwa natikisa kichwa kukubali. Sikuwa nafundisha kitu. Nilitaka tu siku ile asiwepo mtu hata mmoja anayepumua vizuri.