Macho Wazi Wakati wa Sala

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Afisa wa elimu maalum, mama mrefu aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya Eldoret, alitazama viatu vyangu akasema, "Viatu ni sawa. Twende." Nilidhani nimeajiriwa kuwa karani, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea. Tulikwenda hadi shule moja ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Muda si mrefu ingepokea watoto wa kambi ya masomo ya Agosti, wale wanaolala huko huko na kusoma hesabu na sayansi wenzao wakiwa nyumbani. Tukaanzia bwenini, kando ya kitanda.

"Mtoto ameamka," akaniambia. "Anatumia kiti cha magurudumu. Sasa anaenda wapi?"

"Chooni."

"Haya, tupitie wapi?"

Tukafika mlangoni tukakuta ngazi, na choo chenyewe kilikuwa na mlango mwembamba ajabu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo leo huitwa kuratibu marekebisho. Marekebisho ni yale mabadiliko yanayomwezesha mtoto mwenye ulemavu kusoma, kula na kulala pamoja na wenzake: ubao wa mteremko juu ya ngazi, maandishi ya nukta nundu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, muda wa ziada wa mtihani, au kitanda cha chini kwa mtoto mwenye kifafa. Hatukuanza kwa kuuliza mtoto ana ugonjwa gani. Tuliitembea siku yake tangu kuamka hadi kulala, na tulipokwama tulimwita fundi.

Kazi ilinifaa kwa sababu mimi ni mdadisi. Kwetu magharibi waliniita Kwanini kabla sijaanza shule, na hawakuwa wakinisifu. Sasa nikawa nalipwa kuuliza. Msichana mwenye mkono mmoja alinionyesha anavyofunga kamba za viatu, na nikamwomba arudie mpaka akachoka na mimi.

Afisa alipostaafu, alikuja mratibu mmoja aliyependa mikutano kuliko chai. Baada yake nilihamishiwa kambi kubwa karibu na mjini, chini ya mtu ambaye sote tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mwenye suti iliyopigwa pasi hata siku ya matope. Kila rekebisho nililomwomba alinipa bila maneno. Niliheshimiana naye, na nilimwogopa kidogo pia.

Ni katika kambi hiyo nilipompokea Chelagat. Alikuwa msichana wa Moiben, kiziwi tangu utotoni, na alisoma shule ya viziwi. Alishuka kwenye pikapu ya baba yake, katikati ya mikebe ya maziwa, akaanza kutusoma nyuso mmoja baada ya mwingine. Baba yake alinivuta kando.

"Mama, mimi sikutaka hii maneno. Ni mwalimu wake alinisukuma. Mkinipigia simu nikuje kumchukua kabla kambi iishe, hiyo ndiyo mwisho. Likizo zote atakuwa anakaa nyumbani."

Nilimwahidi tutamtunza. Tulikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara, Rose, mama mchangamfu kutoka Kiplombe. Nilimkataza kusimama dirisha likiwa nyuma yake, kwa sababu mwanga huficha mikono. Tuliweka tochi tayari, ili mikono ionekane stima ikipotea usiku. Matroni wa bweni alikubali kuwasha na kuzima taa asubuhi, maana kengele haikuwa na faida kwa Chelagat. Nilijiona nimemaliza.

Wiki haijafika katikati, Mkurugenzi akaniita ofisini.

"Madam, huyu msichana ana madharau. Tukisali kabla ya chakula yeye anakodolea watu macho. Anageuka hivi, anageuka hivi. Na kidole kinagonga meza mpaka tumalize. Nimemwonya kupitia kwa mkalimani, bado anaendelea. Hii ni kambi ya nidhamu. Kesho nampigia baba yake."

Nilitaka sana kumwuliza yeye alimwonaje kama alikuwa amefumba macho. Badala yake nikamwomba anipe mlo mmoja tu wa mchana nijionee mwenyewe kabla hajapiga simu. Akanipa.

Nilikaa pembeni mwa bwalo, githeri ya mahindi na maharagwe ikitoa mvuke, na kwa mara ya kwanza maishani nikaacha macho wazi wakati wa sala. Kijana mmoja alisimama kusali. Rose, aliyekuwa akitafsiri tangu asubuhi bila kupumzika, akashusha mikono, akaikunja kifuani na kufumba macho. Nilishtuka. Mtu pekee aliyekuwa akimfikishia Chelagat maneno ya watu alikuwa ameondoka hali amesimama pale pale.

Nilimshika Rose mkono baada ya chakula. "Kwa nini unaacha kutafsiri wakati wa sala?"

"Si ni sala, Mama?" akasema kwa mshangao. "Nikichezesha mikono wakati wa sala, mamangu alikuwa ananifinya." Kisha akafunika mdomo. "Na shuleni kwao viziwi wanasali macho wazi. Mimi najua hiyo. Najua kabisa."

Tulimwita Chelagat, nami nikamwuliza kwa nini alikuwa akiwakodolea watu macho na kugonga meza. Mikono yake ilianza kwenda mbio, Rose akimfuata kwa sauti.

"Ni mradi wangu," alisema. Kila mtoto kambini alichagua swali lake la kuchunguza, na siku ya mwisho angesimama mbele ya wote kueleza alichopata. "Nataka kujua watu wanajuaje sala inakaribia kuisha. Wamefumba macho. Hakuna anayewagusa. Lakini mwalimu wa fizikia akisali, mikono inaanza kutafuta vijiko kabla hajamaliza. Nagonga nikihesabu, ili nipime inaanza lini. Mkurugenzi akisali, hakuna anayesonga. Ni nini inawaambia?"

Miaka yote hiyo ya kuuliza maswali, na hilo halikuwahi kunijia. Nikajaribu kumweleza kwamba msali akikaribia mwisho, sauti hushuka.

"Inashuka wapi?" Chelagat akauliza.

Rose akanitazama, nami nikamtazama Rose.

Nilirudi kwa Mkurugenzi nikamweleza yote. Alisikiliza, simu ikiwa mkononi.

"Kwa hivyo sisi tunaongea na Mungu, yeye anatufanyia utafiti."

"Mzee, mkalimani wake hufumba macho. Hakuna anayemwambia mnasema nini."

"Unamaanisha tangu afike hajasali na sisi?"

"Hata mara moja."

Akaiweka simu mezani, akavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. "Baba yake nitampigia," akasema baadaye. "Nimwambie akuje siku ya mwisho, amwone mtoto wake."

Sasa nimestaafu, niko Yamumbi na sukuma wiki yangu na wajukuu wanaonimalizia sukari. Vijana walioshika kazi hunitembelea wakitaka kujua marekebisho gani yalikuwa magumu zaidi. Wanatarajia nitaje vyoo. Vyoo vinatengenezwa na fundi. Mimi huwasimulia siku ile ya mwisho.

Baba yake akiwa amekaa nyuma ya bwalo, Chelagat alieleza mradi wake, Rose akitafsiri kwa sauti. Alipata kwamba wenye njaa husonga kwanza, na kwamba Mkurugenzi akisali watu hawasongi kwa sababu wanamwogopa. Bwalo zima lilicheka, na Mkurugenzi akacheka kuliko wote. Kisha akamwomba Chelagat afunge kambi kwa sala, akawaambia watu, "Leo ni macho wazi."

Chelagat akamwashiria Rose asitafsiri. Alisali kwa mikono peke yake, na bwalo lile la watoto wenye kelele likatulia likimtazama. Alipomaliza akashusha mikono. Watoto wakaanza kusukumana viwiko: Mkurugenzi, kwa mazoea ya miaka, alikuwa amefumba macho, na bado alikuwa akingoja kusikia "Amina". Hakuna aliyethubutu kumwambia. Chelagat akatembea hadi kwake, akamgusa mkono.

Mzee akafumbua macho, akatazama huku na huku. "Imeisha?" akauliza taratibu.

Nje, kando ya pikapu, Chelagat alimwambia baba yake jambo kwa mikono, naye, asiyeijua lugha ya ishara, akamgeukia Rose.

"Anauliza kama atarudi kambi likizo ijayo," Rose akasema.

"Mwambie..." baba akaanza, kisha akasita. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hapana, ngoja. Nionyeshe mimi. 'Ndiyo' inasemwa aje?"

Rose akamwonyesha. Akainua ule mkono wake mzito wa kukamua ng'ombe, akajaribu. Chelagat akamtazama kwa makini, akamshika ngumi, akamweka kidole gumba mahali pake, akamwashiria aseme tena.