Mwanamke Aliyezitambua Ndoo Zangu za Mchanga

Mama wa bwana harusi aliingia uani kwangu akicheka. Muda si muda alikuwa amekaa chini mchangani, baibui na yote, anatetemeka.

Haumwi. Hajatukanwa na mtu.

Ameona ndoo mbili tu.

Ndoo zenyewe nimezitundika upenuni, moja kila upande wa mlango, zimejaa mchanga. Watu wa kijiji chetu, Utende, walishazizoea. Wahuni wananiita Muhidini Zimamoto. Nyumba yangu imeezekwa makuti, nikiulizwa najibu naogopa moto. Nani haogopi moto?

Yule mama hakuuliza habari za moto.

"Baba Afrah," akasema, "kambi gani?"

Nikajifanya sikusikia.

"Nakuuliza kambi gani? Usinifiche. Na mimi kwangu Kirongwe ninazo mbili. Moja kila upande."

Jamani, nilikauka. Miaka kumi na saba nilikuwa kisiwani Mafia, na hakuna kiumbe aliyewahi kunitajia neno kambi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Kisiwa kizima kilinijua kuwa mimi mtu wa Moa, Tanga. Uongo mtupu. Mimi ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovai, huko kusini ya Kismayu, Somalia. Shule niliacha mapema, nikaingia baharini na baba. Tulikuwa na nyumba ya mawe, ina kisima ndani.

Vita vikatufikia. Nyumba ya pili ikawa turubai ufukweni Kiunga, upande wa Kenya.

Ya tatu ni kambi, nje ya Mombasa. Vibanda vya makuti vimebanana mpaka jirani akikohoa unampa pole bila kunyanyuka kitandani. Siku moja moto ulianzia jikoni kwa mtu, ukala upande mzima. Tangu hapo kila familia ikalazimishwa kutundika madebe mawili ya mchanga mlangoni.

Kambi ikafungwa. Tukatawanyika kama kuku.

Nikakaa kibandani Vanga, kwenye mikoko. Nikapata chumba Moa. Nikahamia chumba kingine Tanga mjini, na mwenye nyumba alipojua nilikotoka akanitolea virago barabarani. Pale ndipo nilipojifunza kufunga mdomo.

Nikavuka kuja Kilindoni, hapa Mafia, nikapanga uani kwa Mzee Fazal mwenye duka la vipuri. Halafu nikapata kiwanja Utende, nikajenga. Hifadhi ya bahari ilishaanza, boti za doria na za mahoteli zimejaa, na mashine za boti haziishi kuharibika. Kazi yangu ndiyo hiyo mpaka leo.

Nyumba nane. Ya nane ndiyo niliyojiapiza sitoki.

Nilifika na binti wa miaka minne, Afrah. Mama yake alifariki kambini siku chache baada ya kumzaa. Mimi nilikuwa Malindi kwenye boti la uvuvi. Niliporudi nikakuta kambi imeungua, mke amezikwa, kichanga kiko kwa bibi yake mzaa mama.

"Anakula nini huyu?" nikamwuliza.

"Watu wamemnyonyesha," akanijibu.

Ikaishia hapo. Bibi mwenyewe akafariki mwaka uliofuata. Nilipooa Utende, mke wangu Zubeda akamlea Afrah kama aliyemzaa.

Sasa, Mudrik.

Mudrik ni kijana wa doria wa hifadhi. Alianza kuniletea mashine ya boti nitengeneze. Nikafungua, nzima. Wiki ya pili kaja nayo tena, nzima. Ya tatu nikamwambia, "Mwanangu, hii mashine haiumwi. Anayeumwa ni wewe. Ukitaka kumwona Afrah, lete wazee."

Akaleta. Posa ikapita vizuri, akdi ya ndoa ikapangwa Ijumaa. Alibaki kufika mama yake tu, Bi Mwanakombo, mjane, anayelima minazi na mihogo Kirongwe. Naye ndiyo kaja Jumatatu kupanga na Zubeda mambo ya kina mama.

Ndiyo huyo sasa kakaa mchangani.

Zubeda akatoka na sinia la juisi. "He! Bi Mwanakombo, umeteleza?"

"Mama mzazi wa Afrah alifia wapi?" Hakumwangalia Zubeda. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Tanga," nikasema.

"Bibi yake alikuwa chongo? Jicho la kushoto?"

Mama mkwe wangu alikuwa chongo kweli, jicho la kushoto. Hilo nilikuwa sijamwambia hata mke wangu.

"Basi huyu ni mwanangu," Bi Mwanakombo akasema. "Bibi yake alinipa mikononi baada ya moto. Nimemnyonyesha mimi. Wiki tatu, mchana na usiku, mpaka walipotugawa kambi mbalimbali."

Wasiojua niwaeleze. Kwetu Waislamu, walionyonya ziwa moja ni ndugu. Si kwa mfano. Ndugu kabisa, hawaoani. Mkishajua, hata kama pilau liko jikoni, mnazima jiko.

"Kambi?" Zubeda akauliza. "Kambi ya jeshi?"

"Ya wakimbizi," nikasema. Nifiche nini tena.

"Mume wangu wewe mkimbizi? Si mtu wa Moa?" Akaweka sinia chini. "Muhidini, mimi watu wa Moa nimewatumia mpaka ubani wa misiba! Nilikuwa nautuma kwa nani?"

Nikageuza uso. Afrah alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote.

"Ina maana Mudrik ni kaka yangu?"

Bi Mwanakombo alifungua mdomo. Akaufunga.

Mimi hasira zikanipanda, na mimi nikipandwa sichagui maneno. "Sema ukweli, mama. Hutaki mwanao aoe kwangu, umetafuta njia!"

"We mwanamume huna adabu," akajibu huku anajifuta mchanga. "Na ule uchongo nimeuotea?"

Akaondoka. Juisi haikunywewa.

Siku mbili zile nyumba haikukalika. Afrah hakula. Zubeda hakunisemesha, akawa ananiagiza kupitia paka: "Mwambie mtu wa Moa chai iko tayari." Majirani wakaanza kupita mara mbilimbili mbele ya uzio. Nilikuwa nalijua hilo pita-pita. Kule Tanga lilianza hivyohivyo, halafu virago barabarani.

Jumatano tukaenda Kilindoni kwa Sheikh Awadh, sote. Afrah akakaa nyuma ya Zubeda, kajifunika uso. Mudrik akakaa karibu na mlango, na sare zake za doria.

Sheikh hakuwa na haraka. Alimwuliza Bi Mwanakombo: mtoto alikuwa na umri gani, alikuwa anashiba, mara ngapi.

"Mara ngapi?" Bi Mwanakombo akasema. "Sheikh, wiki tatu. Nani ahesabu?"

"Mara tano tu zinatosha," Sheikh akasema. "Afrah ni mwanao, hilo halina shaka. Na huyu kijana?"

Bi Mwanakombo akamtazama kijana, kisha akatazama chini.

"Mudrik ni mwanangu, Sheikh."

Alisema hivyo tu. Sote tukasikia tulichokitarajia.

Sheikh akavua miwani. "Basi Ijumaa hakuna akdi. Wanangu, shukuruni Mungu limejulikana mapema."

Zubeda akaanza kulia. Afrah hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Mudrik akasimama. "Sawa, Sheikh. Leo hii naandika naomba uhamisho, nakwenda Mtwara. Kisiwa kimoja na Afrah nikimwita dada, sitaweza."

"Utarudi lini?" mama yake akauliza.

"Kurudi kufanya nini?"

Akatoka. Tukasikia pikipiki inapigwa kiki.

Bi Mwanakombo aliruka kama kaungua. Mwanamke wa makamo, miguu inamuuma, alitutangulia nje, sote tunamfuata. Akaishika pikipiki usukani kwa mikono miwili.

"Zima."

"Mama, niache."

"Zima, nikwambie!"

"Utaniambia nini zaidi ya hayo?"

"Sikukuzaa!"

Pikipiki ikawa inanguruma peke yake. Wauza samaki ng'ambo ya barabara wakageuka wote. Mudrik akazima.

"Mwanangu Mudrik alikufa kambini," akasema. "Moshi wa ule moto. Alikuwa kichanga. Nikazika mtoto, maziwa yakabaki, kifua kinaniuma kama jipu. Bibi chongo ndiyo akaniletea Afrah. Sikumsaidia mimi. Yeye alinisaidia."

"Na mimi?" Mudrik alinong'ona.

"Wewe nilikukuta Vanga, gatini, kambi zilipofungwa. Umekaa juu ya furushi. Miaka minne hivi. Nikakaa na wewe nikisubiri wenyewe warudi, mpaka gati likabaki tupu. Hakurudi mtu. Nikakupa jina la marehemu, tukavuka."

"Ulininyonyesha?"

"Wewe? Ulikuwa unatafuna muhogo wa kuchoma, meno yote kinywani. Maziwa gani?"

"Muhogo ulinipa wewe?"

"Nani alikupa? Ulininyang'anya!"

Sijui nani alianza. Nilimsikia Mudrik anacheka, halafu nikaona si kicheko, mabega yanamruka. Akainamia tangi la pikipiki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nina wewe tu." Bi Mwanakombo bado kashikilia usukani. "Nikinyamaza unamkosa Afrah, na sasa unakwenda Mtwara. Nikisema, huna sababu ya kurudi kwangu. Jumatatu mpaka leo sijalala, natafuta la tatu. Halipo."

Nilijionea aibu ya yale maneno niliyomrushia uani.

Sheikh Awadh alikuwa amesimama kizingitini. Akamsogelea Bi Mwanakombo, akamtaka aape. Akaapa. Mudrik hajanyonya kwake hata tone.

"Basi hawa wawili hawana undugu wowote," Sheikh akasema. "Ijumaa iko palepale."

Zubeda akataka kupiga kigelegele, Sheikh akamzuia kwa mkono.

"Sijamaliza. Bi Mwanakombo, sheria haioni huruma. Hukumzaa, hukumnyonyesha. Huyu kwako ni mwanamume asiye ndugu. Ilikuwa ujifunike mbele yake tangu alipobaleghe."

Yule mama aliuachia usukani. Aliirudisha mikono polepole, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. Akaanza kujivutia ukaya usoni. Mbele ya mtoto aliyemlea miaka kumi na minane, anajifunika.

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga Sheikh. Kweli kabisa.

"Subiri, mama, nimalizie," Sheikh akasema. "Afrah ni nani wako?"

"Mwanangu wa ziwa."

"Akiolewa na Mudrik, wewe ni nani wa Mudrik?"

Zubeda ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Mama mkwe!"

"Mama mkwe," Sheikh akasema. "Maharimu yake, huna haja ya kujifunika mbele yake, kuanzia akdi mpaka kaburini, hata wao wakiachana. Ijumaa kijana anapata mke, na wewe unapata mwana ambaye hakuna atakayekunyang'anya. Sasa pigeni kigelegele chenu, lakini si mlangoni kwangu."

Afrah alitoka nyuma ya Zubeda. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanakombo, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mudrik alitaka kuushika mkono wa mama yake. Akajizuia. Akautia wake mfukoni, akasema, "Ijumaa."

"Ijumaa, baba," akajibiwa.

Siku ile ilipofika nilimtoa binti yangu mwenyewe. Mbele ya msikiti mzima niliposema jina langu, nikasema na la kwetu: Muhidini, Mbajuni wa Chovai. Nilingoja mtu anung'unike. Mzee mmoja akaniambia nisogeze kipaza sauti, hasikii.

Akdi ilipoisha, Mudrik aliingia ndani kwa kina mama. Hakwenda kwa bibi harusi kwanza. Alikwenda kwa Bi Mwanakombo, akaushika ule mkono, akaubusu, hakuuachia mpaka watu wakaanza kumzomea kwamba mke anangoja.

Zubeda kanisamehe, ila kwa masharti. "Mama wa kambo mimi, mama wa ziwa yeye, mama mkwe sisi sote wawili," alisema siku ile. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Masufuria nani anaosha?"

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa mawaidha. Nasema moja tu.

Sisi tuliohamahama tunadhani tukifunga mdomo tunawalinda watoto. Mimi na Bi Mwanakombo tulifunga midomo, kila mmoja na uongo wake, ncha mbili za kisiwa kimoja, na nusura tuwavunje watoto wawili wasiojua lolote.

Kama umepitia kambi, kama umepitia nyumba za watu, mkalishe mwanao leo. Mwambie alizaliwa wapi. Mwambie nani alimbeba na nani alimnyonyesha. Yule mama anaweza kuwa yupo hai, kijiji cha pili tu kutoka kwako, na bado hajaacha kumkumbuka.