Masomo Niliyochangiwa

Nyumbani, mtoto akitaka kwenda chuo kikuu hawi tena wa mama yake peke yake. Huitishwa harambee. Huyu hutoa mbuzi, yule gunia la maharagwe, na mtoto mwenyewe huketi mbele akitazama vidole vya miguu yake. Shangazi yangu, muuguzi aliyenilea, aliibeba desturi hiyo hadi Birmingham pamoja na mwiko wake wa ugali.

Wakati huo nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha mtaa, si mbali na Coventry Road. Kozi iliitwa masomo ya jumla: unachagua masomo ya kiwango ambacho kwetu tungekiita kidato cha sita, ukifaulu unaomba chuo kikuu. Nilipotakiwa kuyachagua, Shangazi alikaribisha watu chai Jumapili baada ya kanisa.

"Hapa Small Heath hakuna mbuzi," alisema akimimina. "Kila mtu amchangie mtoto somo."

Jirani yetu, Kalasinga aliyekuwa fundi wa magari Nairobi na sasa alikuwa fundi wa magari hapa, aliweka kikombe chini. "Mimi natoa hesabu. Bila hesabu hata nati haifungi."

"Jiografia," alisema dereva wa basi aliyeishi Kingstanding, upande wa pili wa jiji, mtu wa kwaya yetu. "Ajue dunia ilivyokaa."

Shangazi aliweka birika chini. "Na mimi natoa bayolojia," akasema. "Huyu atakuwa daktari."

Wakapiga makofi. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa na yangu pia, fasihi na historia.

"Fasihi ni sukari, mama," dereva akaniambia. "Weka, lakini chai ni chai." Wote wakacheka, nami nikacheka. Sikuwa na huzuni yoyote. Nilikwenda chuoni nikiwa nimebeba masomo yale kama mtu aliyetoka kwenye harusi na zawadi mikononi, haoni mlango.

Mwalimu aliyetupangia masomo alikuwa mama mwenye sweta la kijani na sauti ya taratibu. Alitazama nilichoandika, akaniambia kwamba chuo kikuu kingetaka masomo matatu, lakini niyajue kwa kina. Haya yote yangenivunja mgongo, na nafasi ningeikosa. Kisha akauliza, "Yapi ni yako?"

Nikayahesabu yale matano kwa vidole. Akanipa hadi Ijumaa.

Barabarani, basi likipita juu ya maji ya mvua, nilijua kilichokuwa mbele yangu. Mchango haukataliwi. Aliyekupa kitu mbele za watu amekupa na uso wake. Lakini kuna jambo moja ninalolijua tangu utotoni: sahani ya jirani unaweza kuirudisha, mradi isirudi tupu. Nikapika chapati.

Kalasinga nilimkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana. Nilieleza, nikiongea na viatu vyake. Alitoka akajifuta mikono, akakunja chapati akaila yote kabla ya kujibu. "Hesabu haina hasira," alisema. "Ikitakiwa, iko hapa. Mwambie shangazi chumvi imepungua."

Kwenda Kingstanding nilipanda basi lisilo lake, nikafika nimelowa.

"Umepotea?" dereva aliuliza mlangoni.

"Kidogo."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Basi irudishe tu hiyo jiografia. Naona haikukaa."

Ikabaki nyumba yetu. Shangazi alikuwa ametoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kofia ya uuguzi magotini. Nikaweka sahani mbele yake.

"Hii sahani ni yangu," alisema. "Mbona unanirudishia nyumbani kwangu?"

Hakungoja nijibu. Alichovya vidole katika maji, akayatikisa.

"Kalasinga amepita kwangu kulalamikia chumvi," alisema. "Haya. Yanatakiwa mangapi?"

"Matatu."

"Nawe una fasihi na historia. La tatu?"

"Nilifikiria Kifaransa. Sitaweza udaktari, Shangazi. Nataka kuandika."

Nilimwona amechoka, na nikaona pia jinsi alivyokuwa mdogo kwenye kiti kile. "Najua huwezi," akasema. "Damu ya kuku tu inakutoa jikoni. Lakini sikiliza. Ukishaingia huko chuo kikuu utakuja na vitabu vyako, na mimi nitakukaribisha chai, na tutaongea nini? Nilitaka tubaki na kitu kimoja ninachokijua mimi pia."

Akachukua chapati, akaikata, nusu akairudisha kwenye sahani, akanisogezea.

Kisha alisimama, nyayo zake zikiacha maji sakafuni, akatoa kuku aliyemweka kwa ajili ya Jumapili, ameshaoshwa. Akautafuta moyo, akaupasua kwa kisu kidogo juu ya kibao. "Njoo. Usifumbe macho. Tazama ukuta huu ulivyo mnene, na huu mwembamba. Kwa nini?"

Nikainama karibu na kibao.

"Upande huu mwembamba unasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani. Ule mnene unaifikisha mpaka kwenye ukucha. Anayetuma mbali lazima awe na nguvu." Alisema vile bila kunitazama, akisuuza kisu.

Tukala kwa kuchelewa, moyo ule ukiwa umepikwa pamoja na mengine, nao akaniwekea mimi.

Ijumaa, mwalimu mwenye sweta la kijani aliuliza tena yapi yalikuwa yangu. Nilimwambia yote matatu ni yangu, nikayataja: bayolojia, historia, fasihi. Aliinua macho kwa lile la kwanza, akaniuliza kama nina hakika, maana ni gumu.

"Nina mtu wa kunifundisha nyumbani," nikamwambia.