Mama Sikio na taa aliyoipiga msasa

Saa nane za usiku, mwanamke wa miaka arobaini na tisa amepiga goti kando ya barabara, sikio kalibana kwenye kikombe cha mbao kilichopachikwa juu ya fimbo ndefu ya chuma. Ncha ya pili ya fimbo imegusa bomba la maji ndani ya shimo dogo. Amefumba macho. Kiganja kimoja kakiinua hewani, maana yake kila aliye karibu anyamaze.

"Linasonya," anasema, akiinuka na kupangusa goti. "Bomba zima limetulia zake. Likitoboka ndio linaanza kusonya. Hili limetoboka, tena si mbali. Hatua kumi hivi, kuelekea pale ukutani."

Anachora msalaba wa chokaa kwenye lami na kuendelea na safari. Kesho mafundi watachimba hapo, na maji watayakuta. Kwa miaka kumi na saba ya kazi hii, mara alizokosea zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana ofisi nzima ya maji inamwita Mama Sikio, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye faili.

Kazi yenyewe haifanyiki mchana, kwa kuwa mchana magari na makelele ya watu humeza sauti ya bomba. Siku tano kwa wiki, kilomita kumi na mbili kila usiku, anatembea peke yake akisikiliza. Theluthi ya mshahara inaishia kwenye kodi ya vyumba viwili, theluthi nyingine kwenye karo ya binti yake anayesomea ushonaji. "Inayobaki," anasema, "naionea huruma tu."

Sasa hata hiyo ya kuonewa huruma iko mashakani. Ijumaa hii, saa tatu asubuhi, Mama Sikio anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na barua aliyopewa inasema wazi kwamba anaweza kufukuzwa. Sikio lake halina kosa lolote. Kosa liko kwenye taa anayoivaa kichwani, ambayo ameipiga msasa.

Taa hizo zililetwa mwaka jana kwa shangwe. Kabla yake, wasikilizaji wa mabomba walikuwa na kurunzi za mkononi, za mwanga wa njano. Taa mpya ni nyeupe, kali, na ofisi ilijisifu kwamba mwanga wake unafika mwisho wa mtaa. Walioichagua waliijaribu dukani, mchana, wakiielekeza ukutani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Mtu hatembei mwisho wa mtaa, anatembea hapa miguuni," anasema Mama Sikio kwa hasira isiyofichwa. "Ile taa inakuwekea duara jeupe mbele, pembeni giza totoro. Jiwe halina kivuli, shimo halina ukingo. Halafu kurunzi ya mkononi inatazama chini, hata ukiongea na mtu. Hii ya kichwani inatazama unapotazama wewe."

Hapo ndipo penye kidonda.

Wiki ya pili ya taa hizo, alipita kwenye makutano ambako mzee aliyemfundisha kazi, anayejulikana kama Babu Koleo, alikuwa akifunga valvu. Mzee alikuwa amefunua chemba ya valvu hiyo, shimo lenye kina cha mita mbili, akasimama kando yake kupumzika. Alijua vizuri chemba iko wapi, maana mfuniko aliuinua kwa mikono yake.

Mama Sikio alimwona, akafanya alichofundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya pili. Alisimama, akainua uso, akamtazama mkubwa wake usoni na kumwamkia.

"Nikasema, 'Shikamoo, Babu.' Akasema, 'Marahaba, mwanangu,' akaweka mkono machoni, akarudi nyuma hatua moja. Moja tu. Nikasikia kishindo."

Nyonga ilivunjika. Babu Koleo hajafunga valvu tena.

Ofisi ilifanya uchunguzi wa siku mbili. Ripoti ikasema chanzo ni uzembe binafsi wa mfanyakazi, na ikaongeza, kana kwamba kuna aliyeuliza, kwamba taa zilikuwa za kiwango cha juu. Mama Sikio aliandika maelezo kurasa mbili, akakiri kwamba mwanga uliomfumba macho mzee ulitoka kwenye paji la uso wake yeye. Kurasa hizo hazimo kwenye ripoti.

Basi akaanza kujitafutia dawa mwenyewe. Kwanza alikata kipande cha dumu jeupe la maziwa, akakibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha taa. Mwanga ukalainika, ukatanda mpaka kwenye vidole vya miguu, na mtu akawa anaweza kukutazama bila kukuchoma macho. Lakini jasho na mvua vilikibandua kila baada ya siku mbili. Ndipo akachukua msasa laini kabisa, ule wa kumalizia mbao kabla ya kupaka rangi, akauloweka maji, akasugua kioo polepole kwa mzunguko mpaka kikawa na ukungu.

"Dumu linabandukabanduka. Msasa haubanduki," anasema. Hata ofisini alisema hivyo hivyo, na barua ya kamati imeinukuu sentensi hiyo dhidi yake.

Wenzake tisa waliona, wakataka. Walimfuata nyumbani mmojammoja, na kila mmoja akawekewa kipande chake cha dumu, kwa sababu waliuogopa msasa. Mmoja alimwambia, "Dada, umeniokoa, usiku nilikuwa natembea kama kipofu mwenye tochi." Hakuna aliyelipa hata senti, wala hakuna aliyeombwa.

Kisha msimamizi akatangaza ukaguzi. Jioni hiyo hiyo vipande tisa vya dumu vilibanduliwa, vikatupwa. Siku ya ukaguzi taa tisa zilimeremeta kama zimetoka dukani, na ya kumi ikawa na ukungu. Msimamizi alipouliza kama kuna mwingine aliyewahi kuchezea taa yake, tisa wote walimruka kimanga. Yule wa kipofu mwenye tochi ndiye aliyetikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote.

"Sikuwataja," anasema Mama Sikio. "Wana watoto. Lakini hata mimi ninaye mtoto. Hilo nalo wangelikumbuka."

Msimamizi wake, alipoulizwa, hakupandisha sauti. "Mali ya ofisi ni mali ya ofisi," alisema. "Leo anasugua taa, kesho mwingine atakata buti kwa sababu linambana." Alipoulizwa kama amewahi kutembea na taa hiyo usiku, alijibu kwamba majukumu yake ni ya mchana.

Babu Koleo anaishi chumba kimoja, ghorofa ya chini, mikongojo miwili imeegemezwa mlangoni. Anacheka kwa urahisi, kasoro akiulizwa kama anamlaumu mwanafunzi wake.

"Nimlaumu kwa lipi? Hakunisukuma, aliniamkia," anasema. "Tena kwa adabu. Angekuwa mtovu wa adabu angepita zake, na mimi ningekuwa na nyonga."

Yuko tayari kutoa ushahidi. Kamati, hata hivyo, inakutana ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Mama Sikio aliomba kikao kihamishiwe chini. Alijibiwa kwamba chini hakuna chumba chenye hadhi ya kamati.

"Tatizo langu ni ngazi hamsini na mbili," anasema mzee. "Nimewahi kuzihesabu nikiwa mzima, nikienda kuchukua cheti cha utumishi bora."

Kwa hiyo ametuma mwakilishi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake taa yake mwenyewe, iliyopandishwa pamoja naye kutoka chembani. Ina mkwaruzo upande mmoja, lakini inawaka. Hakuna mtu kutoka ofisini aliyewahi kuja kuiulizia, wala kumuulizia yeye. Jumamosi iliyopita aliitoa, akamkabidhi Mama Sikio.

Nyumbani kwa Mama Sikio, juu ya meza ya kulia, sasa zimelala taa mbili: moja safi, moja yenye ukungu. Kando yake binti yake anashona pazia zito jeusi kutokana na mashuka mawili ya zamani, kwa vipimo ambavyo mama alivichukua kwa macho alipoenda kupokea barua. Dirisha la chumba cha kamati ni pana.

"Mama, hawatakubali," anasema binti, bila kuinua uso kwenye cherehani.

"Wakikataa wamekataa. Mimi nitaomba dakika mbili tu. Nitundike pazia, nizime taa za juu."

Anaivaa taa ya Babu Koleo, anaikaza mkanda, ila haiwashi. Anaeleza mpango wake kwa sauti ileile ya kuonyesha mahali pa kuchimba.

"Nitamwomba mwenyekiti asimame kando ya kiti chake. Kiti ni chake, anajua kilipo. Halafu nitamtazama usoni, nimpe shikamoo yake kamili, kama nilivyolelewa. Akishaitikia, nitamwomba arudi nyuma hatua moja, akae."