Noreen Hesketh, Mpita Njia

Bi Noreen Hesketh aliwahi kuwa na mume na farasi kwa wakati mmoja, na aliyedumu ni farasi. Mume alihamia Blackpool na mwanamke aliyekuwa akiuza mazulia. Farasi akabaki, akala, akazeeka. Anaitwa Kenneth. Nilipokuwa mdogo nilidhani Kenneth ndiye mume, maana Bi Noreen alikuwa akifika kwetu na kusema, "Kenneth ameniudhi leo," au, "Kenneth ananuka, lakini nampenda hivyohivyo," na mimi nikaona basi, ndoa ndivyo zilivyo.

Kwetu ni banda la kutunzia farasi wa watu, katika bonde la Ribble, huku Lancashire. Mwenye banda ni mama, ukiisahau benki. Watu huweka farasi wao kwetu kwa namna mbili. Kuna wanaolipia huduma yote: farasi analishwa, anasafishwa, anatandikwa, na mwenyewe anakuja Jumamosi na suruali nyeupe, anapanda, anashuka, anakwenda zake. Halafu kuna wanaojihudumia. Hao wamekodi chumba na kipande cha malisho tu, mengine yote ni juu yao, mvua inyeshe isinyeshe. Na kwetu hunyesha.

Bi Noreen alikuwa wa kujihudumia. Usiku alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee mjini, kuwaosha, kuwageuza, kuwasikiliza wakisimulia vita ambavyo wengine wao hawakupigana. Asubuhi, badala ya kwenda kulala kama mtu mwenye akili, alikuja kwetu na sare yake ya zambarau, akazoa samadi, akamsugua Kenneth, huku akimweleza mambo ya usiku. Kenneth alisikiliza akiwa amelegeza mdomo wa chini. Siku moja nilimuuliza kama anadhani farasi yule anaelewa.

"Haelewi hata chembe, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana namwambia yeye."

Kisha ikaja korona. Shule ikafungwa, nikapata muda wa kuangalia watu wazima kwa karibu, jambo ambalo shule hukuzuia kulifanya. Serikali ikasema watu wakae nyumbani, watoke mara moja kwa siku kunyoosha miguu. Lakini haikusema wazi mtu mwenye farasi afanyeje, kwa hiyo mama akaketi jikoni akatunga amri yake. Anayelipia huduma yote asije, kwa kuwa farasi wake ana wa kumtunza. Anayejihudumia aje, afanye kazi, aondoke, maana asipokuja farasi atakufa njaa.

Ilikuwa amri nzuri, na ilidumu mpaka Bwana Aldersey alipoisoma.

Bwana Crispin Aldersey ni mwanasheria wa mambo ya nyumba na mashamba. Farasi wake ni jike mweusi aitwaye Contessa, ambaye ana nguo nyingi kuliko mimi. Alipiga simu wakati tunakula, na mama akaiweka kwenye spika ili aendelee na mkate wake.

"Judith, hebu nielewe. Mimi ninayelipa zaidi nafungiwa nje, na anayelipa kidogo anaingia. Haki iko wapi hapo?"

"Crispin, wewe unalipa ili usije."

"Nalipa ili nije nikitaka."

Kwa kweli niliona ana hoja. Nikamwambia mama hivyo. Mama akanipa toroli.

Kesho yake Bwana Aldersey akaandika kwenye kundi la simu kwamba kuanzia sasa yeye ni wa kujihudumia. Bi Philippa, mke wa daktari wa meno, akafuata, kisha wengine wote. Banda zima likawa la watu wanaojihudumia, hata wale ambao hawajawahi kujihudumia chai. Wakafika na koleo mpya zenye bei bado imebandikwa. Bwana Aldersey akanijia na toroli yenye samadi kidogo sana, inayoweza kutoshea kwenye sahani, akauliza inamwagwa wapi. Nikamwonyesha lundo nyuma ya ghala, refu kama basi, ambalo amekuwa akilipita kila Jumamosi.

"Kumbe ile ni samadi?" akasema. "Mimi nilidhani ni kilima."

Ikawa asubuhi watu wanapishana uani zaidi kuliko siku za kawaida. Hatua mbili kati ya mtu na mtu, tulisema, lakini banda lenyewe lina hatua ngapi? Mama akapandisha sauti, akapanga zamu, zamu zikavunjwa. Ndipo Bi Philippa akaandika kwenye kundi ujumbe mrefu wenye mioyo na vijipicha vya upinde wa mvua. Tumekuwa wengi, alisema. Kwa usalama wa wote lazima tupungue. Na bila kumtaja mtu, kwa upendo mkubwa, je, ni sawa mtu anayetoka kwenye nyumba ya wazee, kwenye ugonjwa wenyewe, kuja kushika makomeo tunayoshika sisi?

Siwezi kusema woga wao ulikuwa wa uongo. Kwenye nyumba ile wazee walikuwa wanakufa, na Bi Noreen ndiye aliyewashika mikono, akiwa amejifunga mfuko wa takataka kwa kukosa aproni. Lakini Bi Philippa mwenyewe alizunguka maduka yote ya bonde akitafuta karatasi ya chooni, na mtoto wa Bwana Aldersey alikuwa ametoka London juzi tu, tena anakohoa, na kikohozi kile kilisemekana ni cha vumbi la nyasi. Hayo hayakupigiwa kura. La Bi Noreen likapigiwa kura, kwa vidole gumba vya manjano, na lango likawekwa kufuli jipya ambalo yeye hakupewa ufunguo wake.

Mama alimpigia simu. Angekataa, lakini wale wengine wangeudhika wakahamisha farasi wao, na banda letu lingebaki na panya. Nilimsikia akizungukazunguka na maneno mpaka Bi Noreen akamkatiza.

"Nimeelewa, Judith. Mpaka lini?"

"Mpaka mambo yatulie."

"Kenneth ana miaka thelathini na moja. Unafikiri atangoja mambo yatulie?"

"Tutamtunza, Noreen. Kila siku. Nakuapia."

"Najua mtamtunza. Nauliza nitamwona lini."

Mama alikata simu akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa, kila Alhamisi saa mbili usiku, jua likiwa bado lipo, maana majira hayo huku huchelewa kuzama, nchi nzima ilikuwa ikitoka mlangoni kuwapigia makofi wauguzi na watunza wagonjwa. Wenye farasi wetu waliamua kupiga makofi langoni, kwa kuwa lango lina mandhari nzuri ya picha. Bwana Aldersey alileta sufuria ya shaba. Bi Philippa alileta kengele. Wakajipanga kwa ndani, wameachana hatua mbili, wakaanza kupiga, na barabarani akatokea Bi Noreen kwa miguu, na sare yake, anakwenda kazini.

Akasimama upande wa pili wa lango. Wakazidi kupiga. Bi Philippa akatokwa na machozi. Bi Noreen akasubiri mpaka wakachoka.

"Asanteni," akasema. "Sasa nifungulieni basi, nimsalimie Kenneth dakika mbili."

Sufuria ya Bwana Aldersey ililia mara moja tena, kama imemponyoka.

"Noreen, dada yangu, tunakuthamini mno," akasema Bi Philippa. "Mno. Ndiyo maana tunakuomba ukae mbali."

"Mnanipigia makofi nikiwa nje."

"Kwa moyo wote," akasema Bi Philippa, na sidhani kama alikuwa na utani.

Bi Noreen alitazama kufuli, akatazama saa, akaenda kazini.

Kuna kitu sijakieleza. Katika shamba letu la chini inapita njia ya umma, ya tangu enzi za watu waliokwenda kanisani kwa miguu. Inaanzia kwenye ngazi ya mbao ya kuvukia ua wa miiba upande huu, inakata shamba katikati, inatokea ngazi nyingine upande wa mto. Kwa miaka mingi Bwana Aldersey alimshauri mama aifunge, ikashindikana, maana njia ya umma nchini kwetu haifungwi hata na mfalme. Na wakati wa korona, mji mzima uliambiwa unyooshe miguu, basi mji mzima ukaigundua. Walipita baba na watoto na mbwa na baiskeli.

Wiki ile mama alimhamisha Kenneth kwenye shamba la chini. Kisa, alisema, ni majani. Huku chini yameota vizuri. Alisema hivyo bila kuulizwa, tena mara mbili.

Kwa hiyo ikawa hivi: mtu yeyote wa Lancashire angeweza kupita shambani, akamkuna Kenneth paji la uso, akampa karoti, mtoto wake akajifutia makamasi kwenye shingo ya farasi, ruhusa. Aliyekatazwa ni mmoja tu, na ndiye mwenye farasi.

Asubuhi ya tatu Bi Noreen akapanda ile ngazi ya mbao. Nilikuwa najaza maji kwenye beseni la farasi, nikaacha bomba linamwagika.

"Nanyoosha miguu, mwanangu," akanipigia kelele kwa mbali. "Mara moja kwa siku, serikali imesema."

Kenneth alimwona. Simwiti farasi mwepesi; akikimbia unaweza kumpiga picha bila haraka. Lakini siku ile alikuja mbio, akaegemeza kichwa kifuani mwake kwa nguvu mpaka Bi Noreen akayumba. Alikuwa ameshika masikio yake yote mawili.

Bwana Aldersey aliona kutoka uani. Akateremka mpaka kwenye uzio, kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kifungu cha sheria.

"Bibi Hesketh. Njia ya umma ni ya kupita. Kupita maana yake kupita. Sheria haikupi haki ya kusimama ukafanya shughuli."

"Nikitembea?"

"Ukitembea, siwezi kukuzuia."

Bi Noreen akaanza kutembea. Kenneth akamfuata, pua begani. Akatoa brashi mfukoni, akamsugua huku anatembea, mbavu, mgongo, shingo. Wakafika ngazi ya mtoni, akaipanda, akashuka upande wa pili, akageuka, akaipanda tena, akarudi kwa kupita upya. Wakarudi mpaka huku, akapanda, akashuka, akageuka. Siku zilizofuata alifanya hivyohivyo kila asubuhi baada ya kazi. Nilimwona akimsafisha kwato kidogo kidogo, kwato moja kila safari, Kenneth akiruka kwa miguu mitatu kama mzee anayetafuta kiatu. Waliokuwa wakipita walidhani ni aina ya mazoezi. Mama mmoja aliuliza kama yana mwalimu.

Bwana Aldersey alikuwa akimchungulia. "Amesimama," angesema. "Navuta pumzi, bwana," Bi Noreen angejibu, na mguu mmoja ukiwa hewani.

Ila alikuwa anachoka. Hiyo niliiona. Mtu amesimama usiku kucha, halafu asubuhi anatembea kwenda na kurudi kwa saa nzima ili asivunje sheria. Uso wake ulikuwa wa rangi ya karatasi. Siku moja alishika ngazi kwa mikono yote miwili kabla ya kuipanda, nikamwona anapima kama ataiweza. Mama naye aliona. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki ijayo Bi Noreen hatakuja tena, hawezi.

Jumanne moja ya jua kali, walikuwa katikati ya shamba, na Kenneth akasimama. Akakunja magoti ya mbele, akaguna, akalala chini, ubavu wote, juu ya njia, kutoka ukingo huu hadi ule. Farasi mzee hulala hivyo akijiona salama. Akafumba macho.

Bi Noreen akabaki amesimama mbele yake. Kulia kuna uzio wa umeme, kushoto kuna nyasi zinazokuzwa zikatwe kwa lishe ya farasi, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzikanyaga.

"Amesimama," akasema Bwana Aldersey. Safari hii alikuwa ameshika kamba ya Contessa, anamlisha majani ya ukingoni.

Mama alikuwa amefika. Akaegemea nguzo ya uzio.

"Crispin, nisaidie, wewe ndiye msomi wa sheria. Njia ya umma ikizibwa na mali ya mtu, mpita njia afanye nini?"

Bwana Aldersey hawezi kukataa swali la sheria. Macho yake yaling'aa. "Mwenye mali ana wajibu wa kuondoa kizuizi."

"Mwenye mali ni nani?"

"Ni..." Akamtazama Bi Noreen. "Ni yeye."

"Na kwa kura yenu haruhusiwi kumshughulikia."

"Haruhusiwi."

"Kwa hiyo?"

Alifikiri kwa bidii. Unaweza kumchukia mtu lakini ukaona anavyofanya kazi yake kwa uaminifu. "Kwa hiyo mpita njia ana haki ya kusubiri," akasema hatimaye. "Kwa muda unaofaa."

Bi Noreen hakungoja zaidi. Aliketi kwenye nyasi, akaegemea bega la Kenneth, akavua viatu vyake vya kazini. Kenneth alifumbua jicho, akalifumba. Bi Noreen alianza kumwambia kitu kuhusu mzee wa chumba cha mwisho, aliyetaka kuimbiwa, lakini sentensi haikufika mwisho. Mdomo wake wa chini ukalegea. Alikuwa amelala.

"Muda unaofaa ni upi?" mama akamuuliza Bwana Aldersey.

Bwana Aldersey alitazama sare ile ya zambarau, soksi zenye tundu kidoleni, farasi na mwenye farasi wakivuta pumzi kwa pamoja. Contessa alikuwa anamvuta aende, akamzuia.

"Mpaka farasi ainuke," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Kenneth aliinuka baada ya chakula cha mchana.