Jiwe la Malakiti Ndani ya Maji ya Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa maji. Chef wa gesti, yaani msimamizi wa nyumba ya wageni ya kampuni moja ya madini hapa Kolwezi, alinipeleka mpaka Lubumbashi kwa muuza samaki, akanikalisha kwenye kiti mbele ya matangi ya vioo. "Tata," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee huku, "angalia tu. Usinionyeshe samaki kabla ya saa moja kuisha." Nilidhani ananitania. Mi nilikuwa mtunza bustani, mambo ya samaki nilijulia wapi?

Walikuwa samaki wa Ziwa Tanganyika, wale ambao wataalamu huwaita sikilide. Rangi zao, wee! Lakini ninyi vijana mnaotaka akwariamu sebuleni, sikieni: anayeanza na rangi anaharibu. Sikilide ana tabia, tena tabia hasa. Kulikuwa na mmoja wa buluu, mzuri kuliko wote, na jirani zake wote walikuwa na mapezi yaliyochanika. Huyo nikamwacha. Akwariamu yetu ilikuwa ya kadiri, mita moja na kidogo, na humo mkorofi mmoja anawamaliza wenzake. Nilichukua sita wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuchimba mchanga kutwa, kama vijana wetu wa mgodi wa Mashamba. Nikachukua dume na jike wenye mistari myeusi, wasioachana. Na mmoja wa njano, njano ya ndimu iliyoiva, kwa sababu alikuja kwenye kioo kunitazama akakataa kuondoka.

Chef akacheka. "Basi weye njo mutu wa hii kazi."

Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, kwa hiyo nilipanga mawe ya chokaa ndani na kupima maji kila wiki kwa karatasi inayogeuka rangi. Aliyenisaidia ni Mama Sifa, msafishaji wa gesti. Yeye aliosha ndoo na kufuta kioo kwa nje. Yule wa njano alimwita Direkta, yaani mkurugenzi, kwa kuwa alizunguka kutwa kukagua kazi za wengine bila kufanya yake. Tulicheka sana na Mama Sifa. Miaka sita tulifanya kazi hivyo.

Kisha tukaambiwa direkta mpya anakuja, direkta mtu sasa, si samaki. Mi mwana wa Kolwezi nikaona aibu na yale mawe meupe. Nyumbani nilikuwa na malakiti, lile jiwe la kijani la shaba ambalo watu wa hapa huliweka juu ya kabati ili mgeni alione. Nikaliosha vizuri, nikaliweka katikati ya akwariamu. Lilipendeza, siwezi kudanganya. Wageni walipiga picha nami nikasimama pembeni nimevimba kichwa.

Wiki chache baadaye samaki wakaanza kupanda juu, wakihema mdomo wazi. Wa njano akatangulia kufa. Mwisho wa wiki hakubaki hata mmoja.

Chef akatuita. "Ni nani banagusa haya maji?"

"Mi na Mama Sifa," nikajibu. Hapo ningepaswa kuishia. Lakini niliogopa kazi yangu, nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniomba: "Mi situmii sabuni."

Mama Sifa akanigeukia. "Chef, mi sikutia sabuni ndani ya ndoo. Naosha na mayi tupu." Chef hakumtazama tena. Jumamosi hiyo Mama Sifa alifukuzwa, akaondoka na kitambaa chake cha kazi mkononi, na habari ikaenea mtaani kwamba Mama Sifa ameua samaki wa kampuni kwa uzembe.

Nilichagua samaki wengine. Nao wakaanza kuhema, na Mama Sifa hayupo. Nikachukua maji kwenye chupa, nikampelekea fundi wa maabara ya kiwanda, ambaye kazi yake ni kupima shaba kutwa. Akapima, akanishangaa. "Tata, umetoa wapi haya mayi? Yana shaba!"

Jiwe langu. Lilikuwa likiyeyuka kidogo kidogo, na shaba ni sumu kwa samaki. Nikalitoa siku hiyohiyo, nikabadilisha maji, nikamwambia chef kila kitu. Unajua alisema nini? "Bravo, tata! Umetafuta mpaka umepata." Nikamtaja Mama Sifa. Akasema nafasi yake imeshapata mtu. Nilinyamaza miaka minne, mpaka nilipopewa pensheni, na katika miaka hiyo watu waliniita kutoka nyumba nyingi nikawachagulie samaki. Kila waliponisifu kwamba najua kusoma tabia, nilijisikia vibaya. Samaki nilimwangalia saa nzima kabla ya kumhukumu.

Juma la kwanza la kustaafu nilipanda gari mpaka Fungurume, mji aliohamia Mama Sifa baada ya kufukuzwa. Mama Sifa alikuwa sokoni, anauza mboga. Nikamweleza habari ya jiwe nikiwa nimesimama. Akasikiliza, akifunga matembele yake.

"Kwa nini unaniambia mi?" akasema. "Mi najua kama sikutia sabuni. Kuja nyumbani, sema mbele ya batoto yangu."

Nikamfuata. Uani walikuwapo mumewe, mama mkwe wake na watoto wanne. Nikasema yote, hata lile neno langu la sabuni. Mumewe akashika kichwa. Mama mkwe akasema, "Ee Mungu," kwa sauti ndogo, asimtazame Mama Sifa.

Binti mkubwa ndiye aliyeniuliza. "Tata, na weye ulipowaambia ni jiwe yako, balikufukuza?"

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Walinipongeza."